Maji ya Tatu

Nakumbuka Jumanne moja ya kiangazi, mwanangu, na kila ninapoikumbuka nakasirika upya, utadhani jambo lenyewe limetokea leo asubuhi. Watu wa hapa Tawa wakinitaja husema yule Ndunge mkali. Ni kweli. Niliolewa huku nikiwa mkali, nikazaa nikiwa mkali, na sasa nina wajukuu saba na bado sijapoa. Lakini hakuna anayeuliza ukali huo niliutoa wapi. Niliutoa Tseikuru nilikozaliwa, nikiwa na miaka kumi na mitatu, siku niliyomlisha ndugu yangu sumu kwa mikono yangu, kisha nikanyamaza.

Kilichonifanya nikuandikie wewe kijana unayesoma haya ni daftari la mjukuu wangu Mutheu, aliye Gredi ya Nne. Wiki iliyopita alikuja kunionyesha picha aliyochora ya vikombe viwili vya maji. Kimoja alikipaka rangi ya udongo, akaandika chini yake "si safi". Cha pili alikiacha bila rangi, akaandika "safi". Mwalimu alikuwa ameweka alama ya vyema, kubwa, nyekundu. Nilijifunga leso nikaenda shuleni siku hiyo hiyo. Mwalimu mwenyewe ni kijana mpole. Alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Lakini nyanya, hiyo ni picha tu ya watoto." Nikamwambia picha kama hiyo nilikuwa nayo kichwani, na karibu izike mtu kwetu. Akaniomba niingie nizungumze na darasa. Nilikataa, maana kwa hasira niliyokuwa nayo ningewatisha watoto wa watu bure. Nimekaa siku tatu nikijituliza, na sasa naona afadhali niandike.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Katika sayansi, tukisema kitu ni safi hatusemi kwamba kinang'aa au kinanukia vizuri. Tunasema ni kitu kimoja tu, na hakuna kingine ndani yake. Chumvi iliyo chumvi tupu ni safi. Maji yaliyo maji matupu ni safi, na maji ya namna hiyo, mwanangu, huenda hujawahi kuyanywa tangu uzaliwe. Chukua kikombe cha maji, tia kijiko cha chumvi, koroga. Chumvi hupotea machoni. Imekwenda wapi? Haijaenda popote. Onja na ulimi utakuambia. Yachemshe maji hayo katika sufuria mpaka yakauke yote, utaikuta chumvi imeganda chini, nyeupe. Wakati wote ilikuwemo, na macho yako yalikuwa yanakuambia haimo.

Wala usidhani kila kilichochanganyika ni kibaya. Chai ya maziwa ni mchanganyiko, uji ni mchanganyiko, hata hewa unayoivuta sasa hivi ni mchanganyiko. Sina ugomvi na chai. Ugomvi wangu ni na mtu anayeapa kwamba kitu hakimo kwa sababu yeye hakukiona, na mtu wa kwanza wa aina hiyo kumjua alikuwa mimi mwenyewe.

Maana haya yote niliyajua, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Nilikuwa wa kwanza darasani katika sayansi. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha wiki hiyo hiyo namna ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Ndengu, yaani choroko, na makapi, unapepeta. Ndengu na mawe, unachagua kwa mkono. Mchanga na chumvi, unatia maji, unachuja kwa kitambaa, mchanga unabaki juu na maji ya chumvi yanapita, halafu unayakausha. Alinipigia makofi mbele ya wenzangu kwa kujibu lile la mchanga na chumvi. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, nikijiona hakuna kitu duniani ambacho siwezi kukitenganisha.

Mwaka huo mvua ilitukataa misimu miwili. Mama alidandia lori la ng'ombe akaenda Emali kwa mjomba kutafuta chakula, akaniachia Kyalo, ndugu yangu wa miaka minne. Susu, yaani nyanya yetu mzaa baba, alikuwa na nyumba yake hapo hapo uani, lakini mchana kutwa alikuwa mbali na mbuzi wake akiwatafutia majani, naye hakuwa na unga wala maziwa ya kutugawia, maana mbuzi walikuwa wamekauka. Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na debe la mahindi ya mbegu, tuliyogawiwa kwenye baraza ili tupande mvua ikija. Yalikuwa ya pinki, rangi kali ambayo hakuna hindi linalozaliwa nayo. Mama aliniambia mara mbili nisiyaguse. Hakuniambia kwa nini. Nilidhani ni kwa sababu mtu halili shamba lake.

Mama naye hakuambiwa kwa nini. Mahindi yale yalitoka katika magunia yenye maandishi ya Kiingereza na picha ya fuvu la kichwa, lakini sisi tulipimiwa kwa kopo la gorogoro, tukamiminiwa kila mtu katika mfuko wake, na gunia na picha yake vikarudi na gari lililoyaleta. Waliosoma maandishi hawakuwa na njaa, na wenye njaa hawakuonyeshwa maandishi. Sijui ni nani aliyeona hiyo ni kazi iliyokamilika. Ningekutana naye leo, na uzee wangu huu, tungesikizana vibaya.

Siku ya tatu baada ya mama kuondoka, unga uliisha. Siku ya tano, Kyalo aliacha kulia. Akawa anakaa tu kwenye kizingiti, mikono mapajani, kama mzee. Mtoto akilia njaa unaweza kumbembeleza. Akiacha kulia unaingiwa na woga, na mimi niliingiwa nao. Ndipo nikalivuta debe.

Nisikilize sasa, maana hapa nilitumia akili yangu yote na yote ilinipoteza. Nilijua ile pinki ni dawa ya kuzuia wadudu, ila sikujua inaweza kuua mtu. Nikajiambia, haya ni mahindi na dawa, ni mchanganyiko, na mchanganyiko hutenganishwa. Nikayatia kwenye karai na maji tuliyoyachota kwenye mashimo ya mchangani mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Nikayasugua kwa viganja. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, nikayamwaga nje ya boma la miiba. Maji ya pili yalitoka na rangi kidogo, nikayamwaga huko huko. Maji ya tatu yalitoka meupe kabisa. Niliona chini ya karai, niliona hata mkwaruzo wa bati. Mahindi nayo yamekuwa meupe, mazuri, kama yametoka kuvunwa. Nikacheka peke yangu.

Sasa, kwetu Tseikuru maji hayamwagwi ovyo. Maji ya kuosha ndengu huosha vyombo, na ya vyombo hunywa kuku. Yale mawili ya kwanza niliyaonea mashaka kwa sababu ya rangi. Haya ya tatu sikuona sababu ya kuyapoteza. Nikayamimina kwenye kibakuli cha kuku wa Susu.

Nitakuambia kosa lilikuwa wapi. Nilidhani rangi ndiyo dawa. Rangi haikuwa dawa. Rangi huwekwa na wenye kiwanda makusudi, ili mtu akiona ashtuke, aache. Ilikuwa kengele tu, na mimi nilichoosha ni kengele. Dawa yenyewe haikuwa na rangi ya kuonekana, na ilikuwa imekwisha kuzama ndani ya punje, kama chumvi inavyoingia nyama ukiiacha siku nzima. Kwa hiyo hakuna maji ya tatu wala ya kumi ambayo yangeitoa yote. Kuna vitu ukishavichanganya huwezi kuvitenganisha kwa karai na viganja, na kitabu changu hakikuwa kimefika huko.

Nikabandika isyo, mahindi na ndengu chache zilizobaki, zisizojaza hata kiganja. Isyo haina haraka, unaijua, yaweza kula kuni nusu mzigo kabla haijaiva. Kyalo akasikia harufu, akainuka kizingitini, akaja akakaa karibu na jiko. Akawa anaomba punje, nami nampa kwa kijiko, ngumu hivyo hivyo, anatafuna. Nilimpa nyingi. Nilifurahi kumwona anatafuna. Mimi nilionja kidogo, tumbo likanizunguka, nikadhani ni njaa.

Kwanza Kyalo alitoka jasho, na jua lilikuwa limeshaanza kupoa. Halafu mate yakaanza kumtiririka, mengi, hayakatiki. Akatapika. Nyama za mikono zikaanza kumchezacheza zenyewe. Nikamfunga mgongoni kwa leso ya mama, nikakimbia naye hadi dispensari.

Pale kulikuwa na muuguzi mmoja, mwanamume wa kutoka mbali asiyejua Kikamba, na sisi sote tulimwita daktari. Alimlaza Kyalo, akamfunua macho, akaona mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Hakupendezwa nazo. Akaniuliza mtoto amekula nini. Nikasema isyo. Akaniuliza mahindi yametoka wapi. Nikasema dukani. Akaenda kutafuta dawa ya malaria, akarudi, akamtazama tena macho, akaniuliza mara ya tatu kama nina hakika. Nikamtazama usoni, mtoto wa kanisa mimi, mwimbaji wa kwaya ya Jumapili, nikasema nina hakika.

Si kwamba nilitaka ndugu yangu afe. Nilishaanza kujua ni yale mahindi, moyoni nilijua. Lakini niliogopa mama atajua nimepika mbegu. Niliogopa wenzangu wa darasa wasikie kwamba yule wa sayansi hajui kuosha mahindi. Nilipima aibu yangu na pumzi ya mtoto wa miaka minne, nikaona aibu ni nzito zaidi. Nimezeeka sasa na bado sijapata neno la kumwita yule msichana ambalo naweza kuliandika mbele yako.

Muda ulipita. Saa nzima labda. Pumzi za Kyalo zilikuwa zimeanza kukoroma kama zinapita majini, daktari anazunguka chumba hajui ashike nini, ndipo mlango ukafunguliwa akaingia Susu.

Susu wangu alikuwa mwanamke wa salamu. Alisalimia watu, akasalimia watoto wa watu, akauliza habari za ng'ombe. Siku hiyo hakusalimia mtu. Mkononi alikuwa na kuku wawili waliokufa, amewashika kwa miguu, vichwa vinaning'inia. Alikuwa amerudi na mbuzi akawakuta kuku wake watano wamelala kuzunguka kile kibakuli, na sufuria bado inachemka, na debe limefunguliwa. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Akawaweka kuku juu ya meza ya daktari, juu ya kitabu chake cha wagonjwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, lakini alikitumia chote.

"Daktari, hii kuku imekunywa maji ya kuosha mahindi," akasema. "Maji nyeupe, nimeona na macho yangu imebaki kidogo kwa bakuli. Nyeupe kabisa. Na imekufa. Sasa uliza huyu msichana ameosha mahindi gani."

Daktari akanigeukia. Nikainamisha kichwa. Wallahi, kama wasemavyo jirani zetu wa sokoni, hata hapo nilikuwa bado natafuta uongo mwingine. Susu akanishika kidevu akakiinua.

"Ndunge. Njaa haijaua huyu mtoto. Kama atakufa saa hii, ni mdomo yako imemuua."

Nikasema. Nilisema yote, pinki, karai, maji matatu, punje kwa kijiko. Haikuchukua hata dakika moja. Fikiria hilo, mwanangu. Saa nzima niliyomnyima Kyalo ilikuwa ni ya maneno yasiyofika dakika moja.

Daktari alikuwa mtu mwingine palepale. Alishuku sumu tangu alipoyaona yale macho, alichokosa ni mtu wa kumwambia ukweli. Akafungua kabati, akatoa chupa ndogo za sindano, akamdunga, akangoja, akamdunga tena. Akaamuru tumvue nguo zote na tumwoshe mwili. Akatuma mtu sokoni kwa mzee Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye familia yake ilitoka upande wa kaskazini mashariki na ambaye gari lake dogo la mizigo lilikuwa tayari limepakiwa. Mzee Abdi aliwashusha mbuzi wake wote barabarani kwa mikono yake, wakatawanyika sokoni, na hakungoja kuona nani atawakusanya. Akatupeleka hospitali kubwa bila kusimama njiani.

Tuliketi kwenye veranda ya hospitali, mimi na Susu. Nilingoja anipige. Ningefurahi angenipiga. Badala yake alisema kwa lugha yetu, polepole, kwamba kwa kupika amenisamehe, kwa sababu njaa ndiyo iliyopika. Kwa kuku wake pia amenisamehe. Lakini ile saa moja niliyoulizwa na mtu aliyetaka kusaidia nikafunga mdomo, hiyo hanisamehe leo. Labda kesho, akasema.

Kesho yake hakunisamehe. Alinisamehe baada ya mwezi, tukiwa tunapalilia, bila kunitazama, na alisema kwa haraka kama mtu anayetema mbegu ya tikiti.

Kyalo alifumbua macho siku ya pili na kuomba chakula siku ya nne. Leo ni fundi wa magari hapo Emali, ana tumbo kubwa kuliko langu, na kila akija kunitembelea nikimwekea sahani huinama akaninong'oneza, "Umeosha?" Yeye hucheka sana. Mimi sijawahi kucheka. Mama aliporudi alikuta debe nusu na mvua ikaja wiki iliyofuata, tukapanda nusu shamba, tukavuna nusu, na njaa ikakaa nasi mwaka mwingine. Hakunigombeza kwa ajili ya mbegu. Aliniuliza swali moja tu kuhusu ile dispensari. "Ulikuwa unangoja nini?" Aliniuliza mara nyingine miaka baadaye, akiwa mgonjwa.

Ndiyo maana sipoi. Juzi tu, siku ya soko, nimekuta mama mmoja amepanga chini galoni zilizokuwa na dawa ya kunyunyizia miembe, anaziuza watu watie maji ya kunywa na maziwa. Ameziosha kwa sabuni, zinametameta. Anawanusisha wateja mdomo wa galoni, anawaambia haina harufu, ni safi. Nilimwomba msumari fundi wa viatu aliye karibu nikazitoboa galoni sita kabla hawajanishika. Yule mama alinitukana, na nilimjibu, na yaliyosemwa hapo hayafai kuandikwa. Lakini jioni alikuja nyumbani akaniuliza kwa upole nimejuaje. Nikampa kiti, nikamsimulia kama ninavyokusimulia wewe. Alikuwa na mtoto mgongoni.

Basi sikia ninachokuambia. Usiruhusu macho yakuamulie peke yao. Maji ya mtoni yakituama na ukayachuja kwa leso, umetoa tope, hujatoa vijidudu, kwa hiyo chemsha. Ukichemsha umeua vijidudu, hujatoa chumvi wala sumu, kwa hiyo uliza maji yametoka wapi na chombo kilikuwa cha nini. Mbegu iliyopakwa rangi ni ya udongo, hata nyumbani kukiwa hakuna punje nyingine. Galoni ya dawa haiwi ya maji, hata ioshwe na malaika. Usionje kitu usichokijua ili kujaribu kama ni chumvi au sukari. Yale maji ya kikombe niliyokuambia uonje umeyatia chumvi mwenyewe, kwa mkono wako, kutoka mkebe wa jikoni. Na mtu akikuambia kitu ni safi, muulize amejuaje. Akikasirika kwa kuulizwa, uliza tena.

Lakini hayo yote Mutheu atafundishwa, mwalimu wake ameniahidi, na ile alama nyekundu ameifuta mbele yangu. La kwangu ni moja, ambalo haliko katika daftari. Utakosea. Una akili, kwa hiyo utakosea kwa akili, na makosa ya namna hiyo ndiyo tunayoona aibu zaidi kuyataja. Siku hiyo ikifika, na mtu akakuuliza umefanya nini, mwambie. Mwambie kabla hajamaliza kuuliza. Mimi nitakugombeza, usidhani sitakugombeza, sauti yangu itafika barabarani na majirani watatoka nje kusikiliza. Acha nigombe. Wakati nagomba, mtu mwingine atakuwa ameshafungua kabati la dawa.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe maji ya kukutosha na wazee wa kukuuliza maswali, na siku ambayo midomo yako itakuwa mizito, aifungue mapema, yule unayempenda akiwa bado anapumua.